Sura ya Sita: Sauti Iliyosafishwa

Mara ya saba Inspekta aliitazama diski ile bila sauti.

Alikuwa peke yake katika chumba cha vielelezo, chumba kirefu cha nyuma ya kituo ambako feni huzunguka bila kuleta upepo, na alikuwa amevua viatu chini ya meza kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba. Ilikuwa saa nne asubuhi. Likizo yake ilikuwa imeahirishwa mara tatu tangu kesi hii ianze, na mkubwa wake alikuwa ameshamwambia, kwa upole uliomchosha kuliko ukali, kwamba kama hakuna jipya kufikia Ijumaa, jalada litafungwa. Leo ilikuwa Jumatano.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Jumapili moja alasiri, bendi ya muziki wa roki ilipiga katika ukumbi uliojaa pomoni. Katika wimbo wa mwisho, mashine ya moshi wa jukwaani iliharibika ikatema moshi mzito kupita kawaida. Watu wa upande wa kushoto wakadhani ni moto, wakaukimbilia mlango wa pembeni. Watatu wakafia pale mlangoni kwa kubanwa na kukosa hewa: mzee aliyekuwa akiuza vinywaji, kijana fundi wa magari, na binti wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa akisomea uuguzi. Swali lilikuwa moja tu. Mlango ule ulikuwa wazi, au ulikuwa umefungwa kwa ufunguo?

Meneja wa ukumbi alisema ulikuwa wazi. Mlinzi wa mlango alisema hivyo hivyo, tena kwa maneno yale yale, kisha akaenda kwao na simu yake haikupatikana tena. Meneja aliongeza kwamba chanzo cha yote kilikuwa yule binti wa uuguzi, wa blauzi ya njano, amelewa, aliyeanguka kizingitini akawaangusha wenzake. Walionusurika walisema hili na lile. Wengi hawakukumbuka ila moshi na migongo ya watu. Hospitalini hakuna aliyempima yule binti kama alikuwa amekunywa kitu. Basi neno la meneja likabaki limening'inia hapo, halina wa kulithibitisha wala wa kulikanusha.

Miezi miwili baada ya mazishi ikatoka diski ya tamasha, ya kutazama nyumbani, na juu ya kasha lake maneno ya kuwakumbuka marehemu. Meneja aliileta kituoni kwa mkono wake. Alimwambia Inspekta atazame wimbo wa kumi na nne, ule wa mwisho, dakika ya pili, halafu wamalize mambo haya kila mtu akapumzike.

Inspekta alitazama. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu vifungo vya shati la mwimbaji. Sauti ilikuwa tamu, kila gitaa mahali pake, besi inagonga kifuani bila kuumiza. Na katika dakika ya pili ya wimbo wa kumi na nne, kamera ya darini ilionyesha ukumbi mzima kwa sekunde nne. Pembeni kushoto mlango ulikuwa wazi, na mwanga wa nje umetandika sakafuni kama mkeka.

Mara sita alizitazama sekunde zile na mara sita zilimshinda. Siku hiyo aliamua kuzima sauti kwa sababu aligundua kwamba kila muziki unapoanza, macho yake humfuata mwimbaji. Bila sauti, macho yalikosa wa kumfuata, yakaanza kuzurura. Yakamfikia mpiga ngoma.

Mpiga ngoma yule alikuwa na taulo jeupe alilolitundika kwenye chuma kinachobeba toazi lake la kushoto. Mwisho wa wimbo wa kumi alijifuta uso, akalirusha kwa watazamaji, mikono ikaligombania. Tangu hapo chuma kile kilikuwa kitupu: wimbo wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wa kumi na tatu. Wa kumi na nne pia, kila kamera ilipomkaribia. Lakini katika zile sekunde nne za darini, kwenye chuma kile palikuwa na kitu cheupe chenye ukubwa wa punje ya mchele.

Inspekta alirudisha nyuma. Akasimamisha. Akainuka peku mpaka pua yake ikakaribia kioo.

Lilikuwa taulo. Kama picha ingekuwa mbovu kama video nyingi za nyumbani, punje ile isingeonekana kabisa. Ubora wa picha ndio uliomchongea mwenye picha.

Hakufurahi. Alikaa akaandika saa, dakika na sekunde katika daftari, kisha akaandika chini yake kwamba picha ya mlango ilitoka kwenye wimbo wa nyuma, kabla ya wa kumi na moja. Hilo lilimaanisha kwamba mlango ulikuwa wazi wakati fulani. Halikumaanisha kwamba ulifungwa baadaye. Wakili angesema ni urembo wa picha tu, na mahakama ingemwelewa.

Akaifungulia sauti tena, safari hii amefumba macho. Mwisho wa wimbo wa kwanza watu walishangilia, na katikati ya makofi mtu mmoja akapiga mluzi mrefu uliokatika mwishoni, kama wa mtu aliyepaliwa. Mwisho wa wimbo wa pili mluzi ule ule, ukakatika pale pale. Wa tatu vilevile. Inspekta alihesabu mpaka wa kumi na nne. Mtu yule alikuwa amepaliwa mara kumi na nne.

Akavaa viatu kwa taabu.

Alipopita mapokezi, baba wa yule binti alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba wa plastiki magotini. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtu wa mabega mapana aliyeanza kupinda, na huja kila Jumatatu na Jumatano. Hakuwa akisumbua mtu. Siku ya kwanza aliuliza swali moja, kama ni kweli mwanawe alikuwa amelewa, na Inspekta alimjibu kwamba hajui. Hakuuliza tena. Siku hii Inspekta alimsalimia, akamwambia anatoka kikazi, na mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemruhusu dereva mwenzake apite.

*

Jina la studio lilikuwa nyuma ya kasha la diski. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, kuta zake zimefunikwa kwa vipande vya magodoro yaliyochoka. Mwenyewe alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini hivi, amevaa sweta ndani ya joto, na watu wa mtaa ule walimwita Masikio. Alimpa Inspekta kiti kizima, yeye akakaa kwenye kile kilichofungwa kwa kamba.

Alidhani amekuja kusifia. Alimweleza, bila kuulizwa, jinsi alivyotumia siku nne nzima kuondoa mvumo wa jenereta peke yake, jinsi mwimbaji alivyotoka nje ya sauti katika wimbo wa sita akamrudisha ndani taratibu, kama unavyomrudisha ng'ombe zizini. Alisema siku hizi watu wanatengeneza diski ambazo ukizisikiliza utadhani bendi imefungiwa ndani ya ndoo. Yeye hawezi. Jina lake liko nyuma ya kasha.

Inspekta alimwacha aseme mpaka aishiwe. Kisha akamuuliza huyo anayepiga mluzi ni nani.

Masikio akacheka kidogo, akakuna shingo. Akasema huyo ni shemeji yake.

Makofi yote ya diski ile, alieleza, yalitoka kwenye mahafali ya chuo cha ualimu, siku mkewe alipohitimu. Alirekodi mwenyewe. Ni makofi mazuri, ya watu wenye furaha ya kweli, na huyatumia kila anapohitaji. Shemeji yake alipaliwa na soda katikati ya mluzi. Hakuna mtu aliyewahi kugundua.

Inspekta aliuliza kwa nini ukumbi uliojaa watu uhitaji makofi ya kuazima. Je, hakukuwa na maiki za kuchukua sauti ya watazamaji?

Zilikuwepo mbili, Masikio alisema, zikining'inia juu ya watu. Hapo ndipo alipoacha kucheka. Alianza kupanga waya zilizokuwa zimeshapangwa. Alisema meneja ndiye aliyemwomba asizitumie, kwa ajili ya familia za marehemu. Hakuna mzazi anayetaka kusikia mwanawe akilia ndani ya diski ya muziki. Lilikuwa ombi la kibinadamu.

"Wewe ulizisikiliza kabla ya kuzitoa?" Inspekta aliuliza.

"Huwezi kutoa kitu bila kukisikiliza."

"Ulisikia nini?"

"Kelele. Kelele za watu." Akafunga waya mmoja, akaufungua. "Na vishindo. Kitu kinagongwa. Nilidhani ni besi."

"Ulidhani?"

Masikio aliuweka waya chini. Kwenye duka la mbele mtu alikuwa akijaribu kengele ya baiskeli.

"Nilitaka iwe besi, Afande," alisema. "Nikaisafisha."

Inspekta alimuuliza sauti za maiki zile mbili ziko wapi. Alijua jibu kabla halijatoka. Meneja alikuja mwenyewe na gari, akachukua kila kitu, akasema ni kwa usalama. Masikio hakubaki na nakala. Na zile sekunde nne za mlango? Meneja alitaka picha pana ya kupumzisha macho, akachagua mwenyewe ipi. Ilitoka wimbo wa tatu. Wakati ule mlango ulikuwa wazi bado. Baadaye, Masikio alisikia, vijana wasio na tiketi walianza kupenya pale, watu wa ukumbi wakatafuta namna ya kuwazuia.

"Namna gani?"

Hakujua. Yeye alikuwa nyuma kwenye mitambo, hedifoni masikioni.

Inspekta alitoa karatasi za maelezo, akaanza kuandika. Mkono ulimuuma kwenye kifundo, kama kawaida yake siku hizi. Masikio alipoona jina lake juu ya karatasi alisema kwamba nusu ya kazi zake hutoka kwenye ukumbi ule, na kwamba akitia sahihi atamwaga unga. Inspekta hakumbishia. Alimsomea alichoandika, polepole, akamwachia kalamu mezani. Masikio alisoma mwenyewe mara mbili, akasahihisha neno moja la kitaalamu, akatia sahihi.

Hapo ingekuwa mwisho. Maneno ya fundi kwamba alisikia vishindo alivyodhani ni besi, na sauti zenyewe hazipo. Inspekta alikuwa ameshasimama, anatafuta mkoba wake, Masikio aliposema kuna mama mmoja.

Alikuja mapema wakati wanajaribu vyombo, mtu mzima, pamba ndani ya masikio yote mawili. Alimuuliza fundi akae wapi ili muziki usimuue. Masikio alimwonyesha pembe ya kushoto, karibu na mlango wa pembeni, nyuma ya nguzo, kwa sababu spika hazielekei kule. Shingoni mama yule alikuwa amening'iniza kamera ndogo ya kizamani, ya kaseti. Alisema ni ya kumchukua mtoto wake picha.

"Mtoto wake nani?"

"Mpiga ngoma. Ni shangazi yake, ndiye aliyemlea."

*

Shangazi alikaa ghorofa ya nne na lifti haikuwa ikifanya kazi. Inspekta alipumzika ghorofa ya pili, akapumzika ya tatu, akabisha mlango ilipotimia saa tisa. Katika orodha ya walionusurika jina la mama huyu halikuwemo. Hakuumia, hakwenda hospitali, hakuna aliyemhoji. Inspekta alijilaumu kwa hilo alipokuwa akipanda, kisha akaona hata kujilaumu kunahitaji pumzi.

Mama aliyefungua alikuwa mfupi, nadhifu, karani wa posta aliyestaafu zamani. Inspekta alimwamkia shikamoo, akajitambulisha. Shangazi alimtazama miguu kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Ingia ukae kabla hujaanguka."

Mpiga ngoma alikuwa sebuleni. Bila jukwaa na bila jasho alionekana kijana wa kawaida tu mwenye mikono mirefu. Alisimama, akasalimia, akabaki amesimama. Shangazi alileta chai, akasimulia jinsi mtoto huyu alivyoletwa kwake na kaka yake akiwa na miaka tisa, na jinsi sufuria zote za nyumba ile zilivyopata mabonde tangu siku hiyo. Muziki wao haumwingii hata kidogo. Alikwenda kwa sababu angeona aibu kufa bila kumwona akipiga.

Siku ile, alisema, alibanwa nyuma ya nguzo. Alikumbuka mkono wa mtu ukimsukuma pale, akadhani anaonewa. Alikaa nyuma ya nguzo mpaka mlango ukafunguka na watu wakamtoa.

Inspekta aliweka kikombe chini. Alimuuliza taratibu kama amesema mlango ulifunguka.

"Ndiyo. Ulipofunguka ndipo tulipopata hewa."

Na kamera je? Shangazi aliinuka akaitoa kabatini, ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Kaseti ilikuwa humo bado. Aliwahi kuitazama kwenye kijikioo cha kamera. Mwanzoni kuna vidole vyake, kisha miguu ya mtoto, kisha ilimponyoka mkononi ikaning'inia shingoni, na kutoka hapo ni giza tupu, imelalia gauni lake. Sauti haikutoka, kwa kuwa kile kijispika cha kamera kilikufa mwaka juzi. Mwanawe alimwambia ni picha mbovu, hamna kitu mle, aitupe. Aliitunza kwa ajili ya ile miguu.

Inspekta alisema ingewezekana kuiunganisha na runinga, sauti itoke huko. Mpiga ngoma, aliyekuwa kimya muda wote, alisema waya wake umepotea.

Shangazi aligeuka akamtazama. Hakuinua sauti.

"Waya uko kwenye droo ya kitanda chako," alisema. "Niliuona nilipokuwa nakunja nguo."

Kijana akaingia ndani, akatoka na waya, akauunganisha mwenyewe kwa vidole vilivyojua pa kuingia. Akauliza kama anaweza kusubiri barazani. Inspekta alimwambia akae karibu, atamhitaji.

Kabla ya kubonyeza kitu chochote Inspekta alisogeza kile kibati kidogo mgongoni mwa kaseti, ili pasirekodiwe kitu juu yake. Akaandika katika daftari nani yupo, saa ngapi, kaseti imetoka wapi. Akaweka saa yake ya mkononi juu ya meza.

Picha ilikuwa kama shangazi alivyoeleza. Vidole. Pazia. Miguu miwili ikikanyaga pedali katika ukungu wa rangi ya machungwa. Sauti ilikuwa mbaya kuliko picha. Gitaa zilikwaruza, mwimbaji alikuwa nje ya sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, na Inspekta alielewa kwa nini Masikio alihitaji siku nne. Kisha kamera ikaanguka, kioo kikawa cheusi, na kilichobaki ni kusikia.

Kwanza ilikuwa vicheko, mtu akisema moshi umezidi. Kisha vikohozi, vingi. Kisha mtu akataja moto, na nguo zikaanza kusuguana karibu kabisa na maiki. Halafu chuma. Kiganja juu ya chuma, kisha ngumi, kisha ngumi nyingi. Inspekta akaitazama saa yake. Sauti ya mwanamume, ya karibu, imepanda juu kwa hofu, ilisema hawezi kufungua, ufunguo anao meneja, mtu akamwite meneja. Ilirudia maneno hayo mara nne. Nyuma ya yote hayo ngoma zilikuwa zikipigwa, na zilikuwa zikipigwa vizuri, kwa nguvu, hata hazikukosea pigo moja.

Halafu ikaja sauti ya binti. Haikuwa ikipiga kelele. Ilisema, kama mtu aliyeshika kazi: "Msisukume. Wa mbele hawana pa kwenda. Pumueni kwa pua, taratibu." Kisha karibu zaidi, karibu hata ikapasua spika: "Mama, ingia hapa nyuma ya nguzo. Shika hili bomba, usiliachie."

Shangazi aliweka mkono mdomoni.

"Huyo ndiye aliyenisukuma," alisema baadaye. "Nilimwita mshenzi."

Inspekta hakusimamisha kaseti. Sauti ya binti ilisikika tena mara tatu, kila mara fupi zaidi, ikimwelekeza mtu huyu na yule. Kisha haikusikika. Ngumi ziliendelea. Kisha bawaba ikalia, upepo ukaipiga maiki, na watu wengi wakavuta pumzi kwa pamoja. Tangu ngumi ya kwanza mpaka bawaba, saa ya Inspekta ilihesabu dakika sita na sekunde ishirini.

Alimwita mpiga ngoma. Kijana alikaa kwenye ncha ya kochi, akajibu kila swali bila kuzungushwa. Ndiyo, aliisikiliza kaseti usiku mmoja wiki moja baada ya tamasha. Ndiyo, alijua mlango ulifungwa. Ulifungwa baada ya wimbo wa tano. Kutoka jukwaani, juu ya kiti chake, aliwaona watu wamejaa kushoto. Alitaka kuacha kupiga. Meneja alikuwa pembeni mwa jukwaa, akamwonyesha kidole akikizungusha hewani: endeleeni. Meneja alihofia ukumbi mzima ungeshtuka.

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilipiga, Afande." Alikuwa akiitazama mikono yake. "Nilipiga kwa nguvu zaidi."

Shangazi aliinuka kutoka upande wa pili wa chumba, akaja akakaa karibu naye kochini. Hakumgusa wala hakumsemesha. Inspekta aliandika kurasa tano, na kijana alitia sahihi kila ukurasa. Kaseti ikaingia kwenye bahasha, bahasha ikafungwa, shangazi akaandika jina lake juu ya mfungo. Aliomba jambo moja, kwamba kesi ikiisha arudishiwe. Inspekta alimwambia inaweza kuchukua miaka.

*

Alhamisi asubuhi Masikio alipiga simu kituoni. Alikuwa amesikia habari za kaseti, kwa njia anazozijua mwenyewe, na alitaka kusaidia. Aletewe, ataisafisha, atapunguza ngoma, sauti za watu zitatoka wazi kama redio. Hatataka malipo. Inspekta alimshukuru, akamwambia hakuna mkono utakaoigusa. Itasikilizwa mahakamani ilivyo, pamoja na mikwaruzo yake. Masikio akasema anaelewa, na kwamba siku ikifika atakuja kuieleza mahakama kila mkwaruzo umetoka wapi.

Lililobaki lilikuwa moja, na Inspekta alikuwa ameliahirisha tangu alipoamka. Sauti ya binti katika kaseti ilikuwa sauti tu. Ilihitaji mtu wa kuapa kwamba ni ya nani. Wenzake wa chuo walikuwa mbali kwa mafunzo, na mama yake alifariki zamani. Akatuma gari limchukue baba yake.

Alimwingiza katika chumba cha vielelezo, akafunga mlango, akazima feni ili isikilizike vizuri. Alimweleza kuna nini ndani ya kaseti na nini hakimo. Alimwambia anaweza kukataa, hakuna atakayemlaumu. Mzee aliuliza ni muda gani. Inspekta alisema sekunde ishirini, alikuwa amezipima.

Mzee akaweka mkoba wake sakafuni. "Washa," alisema.

Sekunde ishirini zikapita. Wa mbele hawana pa kwenda. Pumueni kwa pua. Mama, ingia hapa nyuma ya nguzo. Inspekta alizima. Mzee alikuwa amekunja uso, kama mtu anayesikiliza injini.

"Hiyo sauti ni nzito," alisema.

Inspekta alifikiri juu ya Ijumaa, na juu ya chuo, na siku ambazo ingemchukua kumpata mwenzake mmoja.

"Alikuwa na mafua wiki ile," mzee aliendelea. "Nilimkataza asiende. Akasema mafua si ugonjwa." Alivuta pumzi kwa pua, taratibu. "Ni yeye. Andika."

Inspekta aliandika. Sheria ilimtaka aulize anajuaje, akauliza. Mzee alisema hivyo ndivyo binti alivyokuwa akimsemesha mama yake miezi ile ya mwisho, alipokuwa akimgeuza kitandani: shika hapa, usiachie. Hakuwa na mbwembwe. Inspekta akayaandika hayo pia, kisha akamsomea yote kutoka juu. Alipofika mahali alipoandika kwamba sauti ni ya marehemu, mwanafunzi, mzee alimsimamisha.

Alisema hapo pamekosewa. Paandikwe kazi yake.

"Mzee wangu, alikuwa bado hajamaliza masomo," Inspekta alisema. "Alikuwa mwaka wa pili."

"Umemsikia mwenyewe alichokuwa akifanya."

Kwa miaka ishirini na nane Inspekta hakuwahi kuweka katika maelezo neno ambalo wakili angeweza kulitoa. Aliitazama karatasi. Alikata neno mwanafunzi kwa mstari mmoja, akaweka herufi za jina lake pembeni kama sheria inavyotaka, na juu yake akaandika: muuguzi. Kisha akamgeuzia mzee karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.